Konyezo la Pili

Jumatatu nilifuta mistari michache ya programu, na kufikia Jumapili mama yangu aliona aibu kwenda kanisani.

Mistari ya programu haionekani barabarani. Haivunji nyumba ya mtu wala haimpigi mtu kofi. Lakini mistari ile ilikuwa ya Mwalimu Naftali, na Mwalimu Naftali ndiye aliyenisimamia ubatizo pale Misigiri, ndiye aliyezungumza na marehemu baba nilipotaka kusoma stashahada ya kompyuta, na ndiye aliyenipa meza na kiti katika ofisi yake mjini Singida. Kumfutia kazi yake ilikuwa kama kuingia chumbani kwake na kumhamishia kitanda.

Ofisi yetu iko nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki. Tunahifadhi sauti za wazee: hadithi, nyimbo, vitendawili, majina ya miti, maneno ya Kinyiramba, Kinyaturu na Kigogo ambayo sisi vijana tumeyaacha njiani. Kila kijiji tunachofanya nacho kazi kina kisanduku kidogo cha kurekodia, chenye maiki, betri ya sola na taa moja ya kijani. Ofisi ilikuwa imekipa jina refu la kitaalamu. Watu walikiita sikio, na kwa kuwa jina lao lilikuwa bora, tukalichukua.

Ndani ya sikio kuna kompyuta ndogo, na ndani ya kompyuta kuna mfumo endeshi, ile programu kubwa inayozigawia kazi programu nyingine zote. Sehemu yangu ya mfumo huo ni ghala. Hapo ndipo panapoamuliwa sauti iliyoingia iwekwe wapi kwenye memori kadi, iitweje, iandikwe kuwa ina urefu gani. Wenzangu husema fanksheni. Mimi husema kipande, kwa sababu ndivyo kilivyo: kipande cha programu chenye jina lake na kazi yake.

Ghalani kulikuwa na vipande viwili vilivyofuatana. Cha kwanza kiliitwa funga. Mzee akimaliza kusimulia, anayerekodi anabonyeza kitufe. Funga inaichukua sauti yote, inaiweka kwenye kadi, inaandika urefu wake, na taa inakonyeza. Cha pili kiliitwa kaza. Kaza ilifungua tena faili lilelile, ikaufuta urefu uliokwisha kuandikwa, ikauandika upya, na taa ikakonyeza tena.

Mwalimu aliandika kaza zamani, mfumo ulipokuwa bado mchanga na funga ilipokuwa na tabia ya kusahau kuandika urefu. Wakati huo kaza iliokoa sauti nyingi. Simnyimi sifa hiyo. Kisha likaja toleo jipya la mfumo, funga ikaacha kusahau, na kaza ikabaki palepale ikirudia kazi iliyokwisha kufanywa, kama mtu anayefagia ua ambao mwenzake ametoka kuufagia.

Hakuna aliyeigusa. Vijijini ilikuwa imegeuka desturi. Mwalimu aliwafundisha waliojitolea kurekodi: la kwanza limepokea, la pili limekaza. Mzee akimaliza, watu wote waliomzunguka hunyamaza wakitazama taa. Likija konyezo la pili, anayerekodi hutangaza, "Limekaza!" wanawake hupiga vigelegele, na hapo ndipo mzee huinuka kitini. Pale Ihanja nimemwona bibi mmoja akijizuia kukohoa mpaka litangazwe. Nami niliipenda desturi hiyo. Nilipiga vigelegele pamoja nao.

Nilianza kuitilia shaka kaza siku niliyotumwa Rungwa kuchukua sikio kutoka kwa Martha.

Martha ndiye aliyekuwa akirekodi Rungwa. Baba mkwe wake, mzee Chediel, alikuwa mrina asali aliyejua nyimbo ambazo wanaume walikuwa wakiimba walipokwenda porini kutundika mizinga, na hakukuwa na mwingine aliyebaki akizijua. Aliimba alasiri nzima akiwa ameegemezwa mto, tayari mgonjwa. Alipofariki, ofisi ilifungua kadi na kukuta faili lenye jina lake na urefu wa sifuri. Mwalimu aliamua kwamba Martha alizima sikio kabla ya konyezo la pili. Alimwita mbele ya ukoo. Martha akapiga magoti, akaomba radhi, na Mwalimu akasema, "Yamekwisha."

Lazima nieleze neno hilo. Kwetu, mtu akiomba radhi mbele za watu na mkubwa akasema yamekwisha, basi yamekwisha kweli. Hakuna anayeruhusiwa kuyafukua tena, hata aliyeonewa. Neno hilo limezuia ugomvi mwingi wa mashamba na wa mifugo. Pia huziba midomo.

Martha alinikabidhi sikio likiwa limefungwa ndani ya kanga iliyofuliwa.

"Litazame," alisema. "Halijaingia vumbi hata kidogo."

"Naliona, dada. Siku ile ya mzee ilikuwaje?"

"Nilishaomba radhi."

"Najua. Nauliza tu."

Alitazama mlangoni kwanza. "Niliona konyezo la kwanza. Nikangoja la pili. Taa ikazimika yenyewe, betri ilikuwa imechoka. Au nilikibonyeza mimi kitufe cha kuzima. Walivyosema wote kwamba nilibonyeza, siku hizi hata kidole changu kinakumbuka kimebonyeza."

Nje, wifi yake Jesca, ambaye ndiye aliyekuwa anapewa kazi ya kurekodi baada yake, alipaza sauti kutoka jikoni. "Mgeni! Usimwachie Mama Zima simu yako hapo, utaikuta imekufa!" Wanawake waliokuwa naye wakacheka. Martha naye alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyezoea.

Niliporudi ofisini nilichomeka sikio lile mezani, nikarekodi sauti yangu nikihesabu, nikabonyeza kitufe. Taa ilipokonyeza mara ya kwanza nikachomoa betri. Nilipolifungua tena faili lilikuwepo, urefu sifuri.

Nilijaribu tena nikitumaini kwamba nimekosea. Sifuri. Kaza ilikuwa inaufuta urefu ulioandikwa vizuri na funga, na kabla haijauandika upya kulikuwa na upenyo mdogo. Umeme ukikatika ndani ya upenyo huo, kadi inasahau kwamba ina sauti, na rekodi inayofuata inalala juu yake. Kwa betri mpya ungeweza kurekodi maisha yako yote usiione hitilafu hiyo. Kwa betri iliyochoka ya Rungwa ilikuwa inasubiri siku yake.

Niliona aibu kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akamkuta baba yake ndani. Nilijikuta nimeinamisha kioo cha kompyuta ili Peniel, tunayekaa naye meza moja, asione. Ningeweza kumpigia Mwalimu, aliyekuwa safarini Itigi. Nilishika simu nikatunga sentensi. Kila niliyoitunga ilikuwa na heshima nyingi mwanzoni na kofi mwishoni. Nikaiweka simu chini.

Jumatatu nikakiondoa kipande. Nilifuta kaza, nikafuta mahali palipokuwa pakiiita, nikachomoa betri kila wakati nilioweza kuufikiria, na kila mara sauti ilibaki. Kisha, kama utaratibu wetu unavyodai, niliandika maelezo ya badiliko ili wote wayasome: "Nimeondoa kaza. Kazi yake inafanywa na funga. Kilichokuwa kimebaki ndani yake ni taa na hatari."

Nilikipenda kifungu hicho cha mwisho. Nilikisoma mara mbili kabla ya kukituma, nikajisikia vizuri. Kwenye ofisi ile mimi ndiye ninayesahihisha Kiswahili cha kila mtu, na sentensi fupi yenye meno hunipendeza kuliko chakula.

Peniel aliisoma kwa sauti huku akitafuna karanga. "Taa na hatari! Wee dada! Umemchapa mzee mpaka soksi zimetoka."

"Sijamchapa mtu. Nimeeleza badiliko."

"Kwa mdomo huo? Siku ukinieleza mimi nitahama mkoa."

Alicheka, na watu wa chumba cha pili wakauliza kuna nini, naye akawasomea. Nilisikia shingo yangu ikipata moto. Maneno yaliyokuwa mazuri nilipoyaandika peke yangu yalisikika, katika mdomo wa Peniel, kama tusi la sokoni. Lakini yalikuwa ya kweli, kwa hiyo sikuyafuta.

Kesho yake Peniel alipeleka toleo jipya Ihanja, kwa majaribio. Siku mbili baadaye Mwalimu Naftali alirudi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu." Alivua kofia, akaiweka juu ya meza yangu, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya. "Nimesoma kwamba mimi ni taa na hatari."

"Nilimaanisha kaza, Mwalimu."

"Kaza ni nani?"

Nilitazama kofia.

"Nani alikuruhusu?"

"Ghala ni sehemu yangu. Ulinipa wewe."

"Nilikupa ulitunze. Irudishe. Urbano, yule anayerekodi Ihanja, amenipigia simu. Bibi Stumai amemaliza hadithi yake, sikio limekonyeza mara moja, akakataa kuinuka kitini. Wamembembeleza, wapi! Amekaa pale mpaka wajukuu wakamletea ugali wake hapohapo. Anasema hadithi yake haijakazwa na ofisi imemdharau."

Ningecheka kama aliyeyasababisha asingekuwa mimi. Kuhusu hilo nilikuwa na kosa: nilifikiria kadi, nikafikiria betri, na watu wanaoitazama taa nikawasahau. Lakini sikuweza kuirudisha kaza. Nilivuta sikio la Rungwa, nikamwonyesha. Konyezo, nikachomoa betri. Sifuri. Akachukua sikio mwenyewe, akarudia kwa mkono wake. Sifuri. Mkono ule ndio ulionifundisha kushika kifaa cha kulehemu bila kujiunguza. Nilitamani mara ya tatu ifanye vizuri, kwa ajili yake tu.

"Martha hakuzima," nilisema.

Aliufunga mlango. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya chini.

"Martha alishaomba radhi. Nilishasema yamekwisha."

"Aliomba radhi kwa kosa ambalo hakulifanya."

"Unadhani silioni? Nimelaza kichwa cha mama yule chini mbele ya ukoo wa mumewe. Sasa nisimame tena palepale niseme nini? Kwamba nilijenga mtego, ukamnasa, nikamfunga yeye? Nani atanipa tena sauti ya mzee wake?" Alikaa kwenye kiti cha Peniel. "Sikiliza. Acha kaza ibaki imeondoka. Tutatengeneza taa ikonyeze mara mbili, watu watulie. Kwenye mkutano wa wanaorekodi wote kule Misigiri utaomba radhi kwa kuondoa kitu cha watu bila kuuliza. Nami nitasema yamekwisha. Basi."

"Na Martha?"

"Martha atakuwa ndani ya yamekwisha."

Nilisema nitafikiri. Huo ulikuwa uoga na nilijua ni uoga.

Habari ilifika Misigiri kabla yangu. Jumapili nilimpigia mama nikitegemea kusikia kwaya nyuma yake, maana yeye huimba sauti ya pili na hakosi. Nyuma yake palikuwa na kuku tu.

"Mbona uko nyumbani?"

"Nimechoka," alisema mama. Kisha akahamia Kinyiramba, kama anavyofanya jambo linapokuwa zito, akaniambia kwamba mke wa mchungaji amemuuliza kisimani kama ni kweli nimemwita msimamizi wangu wa ubatizo hatari. Mama alikuwa amebeba ndoo kichwani, na watu wote waliokuwa wakingoja maji walimtazama.

"Mama, nilisema kipande cha programu."

"Mimi sikijui kipande. Namjua Naftali. Baba yako alipougua, nani alileta godoro? Muombe radhi, Aneth. Ni neno dogo. Litakupunguzia nini?"

Sikuweza kumweleza. Nilijaribu, nikasema upenyo, nikasema urefu, akasema ndiyo mwanangu, ndiyo, kwa ile sauti ya kumbembeleza mtoto mwenye homa. Nilipokata simu nililia, zaidi kwa sababu ya ndoo ile kuliko kitu kingine.

Kisha nikampigia Martha, nikamwambia aje Misigiri na Jesca. Aliuliza aje kufanya nini wakati yeye si wa kurekodi tena. Nilimwambia, "Njoo tu, dada. Nakuomba."

Mkutano ulifanyika Jumamosi, katika ukumbi wa kanisa. Walikuja wanaorekodi kutoka vijiji vyote. Mama alikuwa na akina mama waliokuwa wakipika chai nje. Nilimwona kupitia dirishani, amevaa kitenge chake cha sikukuu, kama mtu anayekwenda kusikiliza kesi ya mwanawe. Martha alikaa karibu na mlango, begi la Jesca likiwa mapajani mwake.

Urbano wa Ihanja ndiye aliyesimama kwanza. Ni mzee mcheshi, na alisimulia habari ya Bibi Stumai kwa mikono na macho. "Nikamwambia, bibi, inuka, limekaza. Akaniambia, Urbano, wewe nilikufunga nepi, leo unanidanganya? Limekonyeza jicho moja tu hilo, chongo!" Ukumbi ulilia kwa kicheko. "Sasa wataalamu, turudishieni jicho la pili. Bibi ataota mizizi kwenye kile kiti."

Mwalimu alicheka pamoja nao, akasimama. Alizungumza taratibu. Alisema vijana wana akili na haraka, na haraka imezaa usumbufu huu. Alisema nimeondoa kitu ambacho watu wamekizoea, bila kumuuliza yeye wala wao. Yote hayo yalikuwa kweli. "Lakini ni binti yangu," alisema. "Atasimama, ataomba radhi, tutakunywa chai."

Nilisimama. Badala ya kuzungumza, nikatoa mkobani sikio la Rungwa, lile la zamani lenye kaza yake, nikaenda nalo hadi kwa Urbano.

"Shikamoo, baba. Naomba useme jina lako na la ukoo wako humu."

"Marahaba. Nina kesi?"

"Hapana, baba. Sema tu."

Alisema jina lake, la baba yake na la babu yake, kwa Kinyaturu kizuri, kifua mbele. Nilibonyeza kitufe. Taa ikakonyeza mara moja, na watu wote, kwa mazoea, wakanyamaza wakingoja. Nikachomoa betri.

"Betri imekufa," nilisema. "Kama zinavyokufa kwenu." Nikairudisha, nikalifungua faili, nikampa Urbano asikilize. Aliweka sikio karibu na sikio lake. Akalitikisa.

"Nimekwenda wapi?"

"Hupo, baba."

"Na babu yangu?"

"Naye hayupo."

Wachache walicheka, kisha wakaacha. Nikawaeleza, kwa Kiswahili chepesi nilichoweza kukipata, bila meno. Nilisema funga inaweka sauti salama katika konyezo la kwanza. Nilisema kaza ilikuwa inaifungua tena bila sababu, na betri ikifa katikati, sauti inapotea. Nikafanya tena na sikio lenye toleo jipya, Urbano akasema majina yake, nikachomoa betri, na aliporudishiwa akajisikia mwenyewe na babu yake. Nikasema kwamba hivyo ndivyo ilivyopotea sauti ya mzee Chediel.

Wakati wote huo sikumtazama Mwalimu usoni. Nilitazama viatu vyake. Vilikuwa vimepigwa rangi asubuhi ile, na kimoja kilikuwa kinagonga sakafu polepole. Nilitamani ardhi ya Misigiri inimeze pamoja na stashahada yangu. Mtu huyu alisimama kando yangu mchungaji aliponimwagia maji kichwani, nami nilikuwa namvua nguo mbele ya watu wanaomwita baba.

Jesca alikuwa amegeuka kumtazama wifi yake. Begi lilikuwa limeteleza kutoka mapajani mwa Martha na hakuliokota.

"Kwa hiyo," Martha alisema, na ilibidi watu wa mbele wageuke ili wamsikie, "sikubonyeza?"

Swali hilo alimuuliza Mwalimu. Sikulijibu mimi, ingawa jibu lilinikaa mdomoni.

Mwalimu Naftali alikohoa. Alivua miwani, akaifuta kwa leso, akaivaa. "Hitilafu tumeiona," alisema. "Mashine ni mashine. Ingeletwa kwangu kwa utaratibu, ningeirekebisha. Mambo ya zamani tulishayamaliza, na siku ile nilisema neno langu. Leo tunazungumzia adabu. Aneth, maneno yale uliyoandika, ni maneno ya binti kwa mzazi wake?"

"Siyo, Mwalimu."

"Uliniuliza kabla?"

"Sikukuuliza."

"Basi omba radhi, niseme yamekwisha."

Ukumbi wote ulishusha pumzi. Ulikuwa mlango mzuri, umefunguliwa wazi. Urbano alinitikisia kichwa, kama kusema pita, mwanangu, pita. Mama alikuwa ameingia na sinia la vikombe, amesimama nalo ukutani, hajui aliweke wapi, na macho yake yalikuwa yananisukuma. Maneno yale mawili nilikuwa nayo. Nilikuwa na sababu ya kuyasema, tena zaidi ya moja: kwa ajili ya taa na hatari, kwa ajili ya Bibi Stumai, kwa ajili ya ndoo ya mama pale kisimani. Ningeyasema kwa moyo wote, kama yangekuwa yanakwenda kwa Mwalimu peke yake.

Lakini yamekwisha haichagui. Ingefunika ukali wa mdomo wangu na kosa la kaza pamoja. Ingefunika swali ambalo Martha alikuwa ameuliza na ambalo bado lilikuwa linaning'inia katika ukumbi ule, halina jibu. Angepanda gari kurudi Rungwa akiwa bado Mama Zima, na mtu yeyote ambaye angetaka kumtetea angeambiwa kwamba jambo hilo lilishamalizwa, tena mara mbili.

"Mwalimu," nilisema, "Martha amekuuliza."

"Wewe kwanza."

"Yeye amengoja zaidi."

"Aneth!" mama alisema, na vikombe vikagongana. "Mwanangu, omba radhi, watu wanywe chai."

Uso uliniwaka mpaka machozi yakanitoka, na sikuyafuta kwa sababu kuyafuta kungekuwa kuinamisha kichwa. Watu walidhani kwamba machozi yale ni mwanzo wa radhi. Niliwaona wakilainika. Mwalimu mwenyewe alinyoosha mkono, kiganja juu, tayari kunipokea.

"Siombi," nilisema.

"Umesemaje?"

"Nimesema siombi radhi, Mwalimu. Si leo, wala siku nyingine mtakayoniitia."